MTOAJI FIGO AULIZWE, ASITEULIWE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na kila mwenye kufuata uongofu wake. Ama baad.

Ndugu zetu waumini, mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo babu zetu hawakulijua, nasi tumelikuta mlangoni. Ni jambo la mtu mwenye afya njema kutoa figo yake moja ili ndugu yake aishi. Hadi mwaka 2017 Mtanzania aliyehitaji kupandikizwa figo hakuwa na njia ila kwenda ng'ambo, na wengi walikwenda India. Mwezi Novemba mwaka huo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao kutoka India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ilianza, ikisaidiwa na wataalamu kutoka Japani. Mtu wa Kimamba akitazama ramani ataona kuwa mji wake uko katikati ya hospitali hizo mbili. Tangu treni za reli ya kisasa zilipoanza safari mwaka 2024, anaweza kupanda Kilosa, akaelekea mashariki hadi Dar es Salaam au magharibi hadi Dodoma, na akafika siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo swali ambalo zamani lilikuwa la watu wachache wenye uwezo wa kusafiri mbali, sasa laweza kuingia katika nyumba yoyote: nani miongoni mwetu atatoa figo?

Rai yetu ni hii. Kutoa figo ni wema mkubwa unaoruhusiwa, lakini ni wema wa hiari. Hauwi faradhi kwa sababu ya udugu, na kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kumteua mtu. Na kwa kuwa hiari hiyo ni dhaifu mbele ya machozi ya mama na macho ya majirani, kuilinda ni wajibu wa familia, na ni wajibu wa jamaa wote wa msikiti.

WANACHUONI WAMESEMAJE

Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, lililizungumzia jambo hili katika kikao chake cha nane mwaka 1985. Lilijuzisha mtu aliye hai kutoa kiungo kwa ajili ya mgonjwa, kwa masharti. Mtoaji asipate madhara yatakayoharibu maisha yake ya kawaida. Atoe kwa hiari yake bila kulazimishwa. Pasiwe na njia nyingine ya tiba kwa mgonjwa. Na mafanikio ya upasuaji yawe ni jambo lenye kutarajiwa kwa kawaida. Mwezi Februari 1988, mjini Jeddah, Baraza la Fiqhi lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilipitisha azimio lenye mwelekeo huo huo, likasisitiza kwamba mtoaji awe mtu kamili wa akili na umri, na kwamba kiungo cha mwanadamu hakiuzwi.

Wapo wanachuoni wakubwa waliokataa. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan aliandika kulikataza, na Sheikh Muhammad Mutawalli Sha'rawi wa Misri, ambaye mawaidha yake yalisikilizwa na mamilioni ya watu, naye hakulikubali. Hoja yao ni kwamba mwili wa mwanadamu si mali yake. Ni amana aliyopewa na Mola wake, na mtu hawezi kutoa kisicho chake.

Sisi tunaiona rai ya mabaraza mawili kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu aya ya 32 ya Suratul Maida imelipa tendo la kuokoa nafsi moja uzito wa kuokoa watu wote. Lakini hoja ya hao waliokataa haistahiki kudharauliwa, na hata aliyeipokea rai ya kuruhusu anapaswa kubaki nayo moyoni. Kwani ikiwa mwenye figo mwenyewe ni mshika amana tu, basi kaka yake ana haki gani juu ya figo hiyo? Baba mkubwa ana haki gani? Kikao cha ukoo kina haki gani? Tena, Muislamu ambaye nafsi yake imetulia juu ya rai ya kukataza, akasema hatoi, ana wanachuoni nyuma yake. Si halali kumwita mwoga, wala kumwita mkata udugu.

NYUMBA INAPOINGIWA NA MTIHANI

Tuitazame Kimamba ilivyo. Ni mji wa reli na mkonge. Familia nyingi zilianzishwa na wazee waliokuja kama manamba kutoka Songea, Iringa, Kigoma na hata nje ya mipaka yetu, wakafanya kazi mashambani, wakaoa, wakazikwa hapa hapa. Ukoo wao mpana ulibaki mbali. Anapougua mtu, ndugu wa damu walio karibu huwa wachache: kaka mmoja, dada wawili, mtoto mkubwa. Na kwa desturi ya hospitali zetu mtoaji hutazamiwa kuwa ndugu wa mgonjwa. Basi macho yote huwaangukia watu watatu au wanne, na kila mmoja wao hujua kuwa anatazamwa.

Wakati huo mgonjwa yuko katika kusafishwa damu kwa mashine. Kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, na kila mara ni kama saa nne. Kwa mwaka ni zaidi ya mara mia na hamsini. Nauli, chakula cha msindikizaji na malazi ya mjini humaliza kwanza akiba, kisha kuku, kisha mbuzi, kisha huanza mazungumzo ya kiwanja. Mgonjwa hupimiwa hata maji ya kunywa. Kila mtu nyumbani amechoka, na kila mtu anajua kuwa figo moja ingeweza kuyamaliza haya.

Hapo ndipo hatari ya dhuluma inapoingia, nayo haiingii kwa ubaya wa mtu bali kwa uchungu. Mama ana watoto wawili mbele yake: mmoja anakufa, mwingine ni mzima. Anampenda huyu na anampenda yule. Hasemi neno, lakini kila akiingia chumbani kwa mgonjwa hutoka na kumwangalia yule mzima. Yule mzima ana mke na watoto wadogo, na jembe ndiyo kazi yake. Akisema ndiyo, mkewe atalia usiku. Akisema hapana, atakaa vipi katika nyumba ile? Atakwenda vipi mazikoni, Mungu akipitisha amri yake?

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli, mgonjwa huletewa. Lakini mtoaji figo lazima aulizwe, tena aulizwe namna ambayo jibu la hapana linawezekana.

NDUGU WAWILI WA BOSTON

Upasuaji wa kwanza wa kupandikiza figo uliofanikiwa kwa muda mrefu ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Ndugu wawili mapacha, Richard na Ronald Herrick, walikuwa na umri wa miaka 23. Richard alikuwa anakufa kwa maradhi ya figo. Ronald alikuwa mzima. Daktari Joseph Murray, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Habari ya upasuaji huo imesimuliwa mara nyingi, lakini lililo muhimu kwetu ni lililotangulia. Ronald alikuwa na mashaka, na hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa maana hakuna mtu aliyewahi kupita njia ile akarudi kumsimulia. Usiku wa kuamkia upasuaji, mgonjwa mwenyewe alimwandikia nduguye kijibarua akimtaka aondoke hospitalini arudi nyumbani. Ronald alijibu kwamba amefika na hatoki. Tazameni jambo hilo, ndugu zetu. Aliyekuwa na haja kubwa kuliko wote ndiye aliyemfungulia mwenziwe mlango wa kutokea. Na ni kwa sababu mlango ulikuwa wazi ndipo kubaki kwake kulipokuwa zawadi.

Ronald aliuliza swali jingine pia: je, afya yake itaangaliwa na hospitali maisha yake yote? Daktari alimjibu kuwa ahadi hiyo haipo, kisha akamuuliza kama anadhani yuko yeyote mle chumbani atakayekataa kumsaidia siku atakapohitaji. Richard aliishi miaka minane mingine, akaoa muuguzi aliyemhudumia, wakapata watoto. Ronald aliishi na figo moja hadi mwaka 2010, akafariki akiwa na miaka 79.

HALI YA MTOAJI KITABIBU

Tuseme ukweli wote, kwa sababu hiari bila elimu si hiari. Mwenyezi Mungu ametujaalia figo mbili, na mtu mwenye afya anaweza kuishi na moja. Ile iliyobaki huongeza kazi yake. Hata hivyo upasuaji ni upasuaji. Hesabu zilizokusanywa Marekani kati ya mwaka 1994 na 2009 zilionyesha kuwa katika kila watoaji elfu kumi, kama watatu walifariki katika siku tisini za mwanzo. Ni hatari ndogo, lakini haiwi sifuri kwa kuwa nia ni njema. Katika miaka inayofuata, mtoaji huhitaji kupimwa shinikizo la damu na mkojo kila mwaka, na kujiepusha na baadhi ya dawa za maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, ila kwa ushauri wa daktari.

Kabla ya kufika huko kuna vipimo vya wiki nyingi, pengine miezi: kundi la damu, ulinganifu wa tishu, sukari, shinikizo, maradhi ya ini na ya kuambukiza, picha za figo na mishipa yake. Mtoaji anaweza kusafiri mara tano kabla ya kuambiwa kuwa anafaa, au akaambiwa hafai, na wa pili akaanza upya. Baada ya upasuaji, kwa wiki sita au zaidi hapaswi kunyanyua mizigo wala kushika jembe. Kwa mkulima wa Kimamba wiki sita za masika ni chakula cha mwaka mzima.

Na figo iliyopandikizwa haidumu milele. Mpokeaji atameza dawa kila siku ili mwili wake usiikataa. Huweza kumfaa miaka kumi, kumi na mitano, au zaidi, na huweza kushindwa mapema. Mtoaji ayajue haya kabla, asije siku moja akasema alidanganywa.

NANI HUULIZWA KWANZA?

Kuna jambo tunalopaswa kulisema wazi. Huko Marekani takriban sita katika kila watoaji kumi walio hai ni wanawake. Tujiulize sisi tungefanyaje. Katika kikao cha wanaume sebuleni, mara nyingi atatajwa dada asiyeolewa, au aliyeachwa akarudi nyumbani, au kijana asiye na kazi. Husemwa kuwa yeye hana majukumu. Maana yake ni kwamba yeye hana sauti. Hiyo si shura. Shura ni kumsikiliza mwenye jambo, na mwenye jambo hapa ni mwenye figo.

Wapo pia watakaosema kuwa alinyamaza, na kunyamaza ni kukubali. Hukumu ya kimya cha mwanamwali iko katika mlango wa ndoa, na ina sababu zake. Haihamishiwi katika kukatwa kiungo. Hapa kimya ni kimya tu. Inatakiwa kauli, tena kauli inayorudiwa mbele ya daktari, na inayoweza kufutwa hata mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Mume ashauriwe anapotaka kutoa mkewe, na mke ashauriwe anapotaka kutoa mumewe, kwa kuwa uuguzi na upungufu vitawaangukia wote. Lakini mume hana haki ya kumtoa mkewe, wala wazazi kumtoa binti yao. Na mtoto ambaye hajafikia utu uzima asiguswe kabisa, hata kama yeye mwenyewe analia kuomba.

Vivyo hivyo bei isiingie. Aprili 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha huduma ya kupandikiza figo katika hospitali moja ya Eldoret, baada ya uchunguzi wa vyombo vya habari kudai kuwa vijana maskini walikuwa wakiuza figo zao. Ndani ya familia bei huja kwa sura nyingine: ahadi ya kiwanja, kusamehewa deni, fungu kubwa la mirathi. Mirathi ina mafungu yaliyokwisha kuwekwa, na figo haimo.

WAJIBU WETU MSIKITINI

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo wa jamaa wa msikiti utaonekana katika mambo haya.

Kwanza, ndugu wasiulizwe kikaoni. Mzee mmoja anayeaminika, asiye na maslahi, amwendee kila mmoja peke yake, amweleze kuwa hapana yake itapokewa, na jibu abaki nalo kifuani kama amana. Atakayekataa asitajwe. Madaktari nao huzungumza na mtoaji faragha, na desturi ya wengi wao ni kuwa anayeghairi huelezwa kwa familia kuwa hafai tu, bila kufichua siri yake. Familia ikiambiwa hivyo isichimbe.

Pili, maimamu wasilitangaze jina la mtoaji juu ya mimbari kabla ya upasuaji, hata kwa kumwombea dua. Tukimsifu mbele ya safu kumi za waumini, tumemfungia mlango wa kurudi. Dua iwe kwa wote wenye maradhi na wenye kuwahudumia, naye Mola anawajua kwa majina yao.

Tatu, tubebe mzigo unaobebeka. Figo hatuwezi kuichangia sote, lakini palizi tunaiweza. Vijana wa msikiti walime shamba la mtoaji kwa zamu katika wiki zake za mapumziko. Akina mama wapange zamu za chakula nyumbani kwake, si nyumbani kwa mgonjwa peke yake. Nauli za vipimo zitoke katika mfuko wa msikiti, ziandikwe na zisomwe. Kumrudishia mtu gharama na kumlindia mavuno yake si kumnunua. Ni kuhakikisha kuwa wema wake haumwachi na njaa.

Nne, tusimsahau. Mgonjwa akipona hushangiliwa, na mtoaji hurudi jembeni akiwa na kovu ubavuni. Kila mwaka awepo wa kumkumbusha kipimo chake na wa kumpa nauli asipokuwa nayo. Swali la Ronald Herrick kule Boston litaulizwa na Kimamba pia, na jibu lake liko mikononi mwetu.

Tano, ulimi. Aya ya 264 ya Suratul Baqara inatuonya kuwa masimbulizi na maudhi hubatilisha sadaka. Mtoaji asimsimbulie nduguye katika kila ugomvi. Na mpokeaji asigeuzwe mtumwa wa shukrani, wala asikae na hatia kifuani ikiwa figo itashindwa baada ya miaka. Alipewa, hakukopeshwa.

Mwisho, tupime shinikizo na sukari mapema, kwani maradhi hayo mawili ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kufa, nayo hutangulia kimya kwa miaka. Kipimo cha leo katika zahanati huweza kumwepusha ndugu yako na swali hili zito miaka kumi ijayo.

Tunajua wako watakaosema kuwa maneno haya yatawatia watu woga na wagonjwa watakufa. Hatuoni hivyo. Mtu aliyeachiwa nafasi ya kukataa, akakubali, hutimiza ahadi yake na hulala usingizi baada yake. Aliyesukumwa hukimbia siku ya mwisho, au hutoa na kubaki na donge litakalovunja udugu ule ule uliotakiwa kuokolewa. Tukimlinda mtoaji tunamlinda na mgonjwa.

Ewe Mola, wape afya wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, wakubalie wanaotoa kwa ajili Yako, na wasitiri waliokataa kwa udhuru unaoujua Wewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.